Mgeni siku ya tatu mpe jembe, si pingu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikilifundisha darasa la mwaka wa pili mada ya uundaji wa nomino kutokana na vitenzi. Kama ilivyo ada ya walimu wa Kiswahili, niliandika ubaoni: linda, mlinzi; jenga, mjenzi; iba, mwizi; kimbia, mkimbizi. Nikaeleza kwamba nomino za aina hii humtaja mtu kwa tendo lake. Ndipo kijana mmoja aliyezoea kuketi safu ya nyuma akainua mkono. Aliuliza hivi: ikiwa mwizi ni yule aibaye na mjenzi ni yule ajengaye, je, mtu aliyezaliwa katika kambi ya Ifo, akasomea Ifo, na ambaye maishani mwake hajapata kukimbia kutoka popote kwenda popote, huitwa mkimbizi kwa tendo gani?

Darasa liliangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Nami, licha ya shahada zangu zote, sikuwa na jibu. Nilisema kwamba swali ni zuri na kwamba tungelirejelea wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata ilikuja na mada nyingine, na swali likaachwa hapo. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Hebu tuanze na yale yanayojulikana. Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zilianzishwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia. Kambi tatu za awali, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Ukame na njaa vilipoikumba Somalia mwaka 2011, idadi ya waliojazana humo ilikaribia nusu milioni. Kakuma, huko Turkana, ilifunguliwa mwaka 1992 ili kuwapokea wavulana wa Sudan Kusini waliokuwa wametembea mamia ya kilomita wakivikimbia vita. Mwaka 2025 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi ni Wasomali na watu wa Sudan Kusini, lakini wamo pia Wakongomani, Waethiopia, Warundi na wengineo. Kambi zilizojengwa kwa turubai kwa matumaini ya miezi kadhaa sasa zina zaidi ya miaka 30. Humo mna watu ambao ni wazazi, na wengine ni akina nyanya na babu, ambao hawajapata kuiona nchi waitwayo raia wake.

Hapana shaka kwamba taifa linaloishi jirani ya vita lina haki ya kuogopa. Mimi si miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kuitaja hofu ya Mkenya ni dhambi. Mnamo Septemba 21, 2013, magaidi wa al-Shabaab walilivamia jumba la Westgate jijini Nairobi na kuwaua watu 67. Mnamo Novemba 2014 abiria 28 walishushwa kwenye basi karibu na Mandera na kupigwa risasi. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, na watu 148 wakauawa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Sisi tunaofundisha vyuoni hatuwezi kuipita tarehe hiyo kama tarehe nyingine. Kila mhadhiri aliyeita majina darasani mwake asubuhi ile aliwafikiria wenzake wa Garissa ambao hawangeita tena majina yale yale. Atakayemwambia mzazi wa mtoto aliyefia Garissa kwamba hofu yake ni chuki tu, huyo hana utu.

Swali basi si iwapo hofu ipo. Ipo, na ina misingi. Swali ni je, hofu hiyo tunaielekeza wapi, na je, kuielekeza huko kunatupa usalama tunaoutaka?

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ina hekima yake tunapozungumzia kapu la samaki. Tunapozungumzia binadamu, yafaa tuitumie kwa tahadhari kubwa, maana samaki hana akili wala dhamiri ya kumkataa mwenziwe aliyeoza. Baada ya mashambulizi ya miaka ile tuliitumia methali hii kama sheria. Mnamo Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh, South C na kwingineko. Wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani, mahali ambapo Wakenya wamezoea kwenda kushangilia. Waliokamatwa hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwamo Wakenya wa jamii ya Kisomali waliokuwa na vitambulisho halali mifukoni. Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilipoichunguza operesheni hiyo ilitaja msongamano wa watu vizuizini, kukiukwa kwa haki zao na malalamiko ya hongo.

Neno hongo lastahili kutusimamisha hapa, kwa kuwa ndilo linalofichua udhaifu wa njia hiyo. Askari anapoagizwa amkamate kila anayefanana na Msomali, wa kwanza kuachiliwa atakuwa yule mwenye pesa. Sasa tujiulize: kati ya mama auzaye chai na gaidi aliyetumwa na kufadhiliwa, ni nani atakayekuwa na pesa za kujikomboa? Msako wa aina hiyo humnasa mnyonge na kumpisha mwenye hila. Isitoshe, humfunga mdomo mtu pekee ambaye angeweza kuisaidia polisi. Anayejua kwamba mgeni wa ajabu amehamia chumba cha jirani ni yule anayeishi jengo lile lile, na akijua kwamba kukanyaga kituo cha polisi ni kujitia mwenyewe korokoroni, atayafumba macho yake na kunyamaza.

Aidha, historia ya mashambulizi yenyewe haikubaliani na wazo la kwamba hatari huja na mkimbizi. Mmoja wa walioivamia Garissa alikuwa kijana Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu. Mahakama ilipowapata watu watatu na hatia ya kuhusika na shambulizi hilo mwaka 2019, wawili walikuwa Wakenya na mmoja Mtanzania. Sisemi kwamba hakuna mhalifu aliyewahi kujificha kambini. Mahali popote penye watu laki kadhaa hapakosi wahalifu, na hata Nairobi inao. Nasema tu kwamba ugaidi hauna kabila wala kadi ya utambulisho, na anayeutafuta kwa kuangalia pua na nywele za watu atakuwa akitazama kusini ilhali adui yuko kaskazini.

Wala tusisahau upande wa pili wa hadithi. Mnamo Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na Mandera. Magaidi waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Miongoni mwao alikuwa mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule, ambaye alipigwa risasi na kufariki Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Alikuwa Mwislamu wa jamii ya Kisomali, naye alikufa akiwakinga Wakristo. Laiti tungelimfundisha mwalimu huyo shuleni kama tunavyowafundisha mashujaa wengine, huenda methali ya samaki ingetumika kwa uangalifu zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haki za wakimbizi ni jambo lililoletwa na wageni, na kwamba sheria za kimataifa hazijui uchungu wetu. Dai hili linatokana na kutozisoma sheria zenyewe. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, ambao Kenya iliridhia mwaka 1966, uliandikwa na watu waliokuwa wametoka katika vita vikubwa kuliko vyote duniani. Walijua majasusi ni nini, na walijua kwamba mhalifu aweza kujichanganya na waliodhulumiwa. Ndiyo maana mkataba huo humnyima hifadhi mtu ambaye kuna sababu za msingi za kuamini kwamba alitenda uhalifu wa kivita au uhalifu mwingine mzito kabla ya kupokelewa. Humtaka kila mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea. Humruhusu mwenyeji kumfukuza mkimbizi kwa ajili ya usalama wa taifa, mradi sheria ifuatwe na mhusika apewe nafasi ya kujitetea. Hata ile kanuni kuu, kwamba mkimbizi asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini, haimkingi mtu ambaye kuna sababu za haki za kumwona kuwa hatari kwa usalama wa nchi iliyompokea.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza mambo mawili ambayo Mwafrika afaa kuyaonea fahari. Kwanza, ulipanua maana ya mkimbizi ili amjumuishe mtu anayekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au machafuko makubwa, hata kama hakulengwa yeye binafsi. Pili, ulitamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kiutu, wala nchi nyingine isilichukulie kuwa uadui. Wakati uo huo, uliwakataza wakimbizi wenyewe kutumia hifadhi kuzihujumu nchi nyingine. Basi ni wapi sheria hizi zilipousahau usalama? Jambo ambalo sheria hazikubali ni hili moja: kumhukumu mtu kwa kosa la mwingine. Hilo hata mwalimu wa darasa la kwanza halikubali. Chaki ikipotea hamchapi mtoto wa jirani kwa sababu tu ameketi karibu na kabati.

Mahakama zetu wenyewe zimelisema jambo hili kwa lugha isiyo na utata. Mnamo Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wapelekwe kambini. Mnamo Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alilibatilisha agizo hilo, akieleza kwamba haitoshi serikali kutamka neno usalama. Ni lazima ioneshe jinsi kuwapo kwa watu wale mahususi kunavyohatarisha taifa na jinsi kuwahamisha kutakavyoliokoa. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000, na mnamo Februari 2015 majaji watano wakakifuta kifungu hicho. Kisha Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab ingefungwa, na mnamo Februari 2017 Jaji John Mativo akaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka katiba. Mahakama haikuipinga serikali kila mara, maana Juni 2014 ilikubali agizo jingine la kuwarudisha wakimbizi kambini. Hata hivyo funzo kuu lilibaki: neno usalama si ufunguo wa kufungulia kila mlango. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 238, inasema kwamba usalama wa taifa utatafutwa kwa kuheshimu kikamilifu utawala wa sheria na haki za binadamu. Wakenya ndio waliokipigia kura kifungu hicho, hakikuandikwa Geneva.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nirudi kwenye kazi yangu ya lugha. Nomino usalama haina wingi. Twasema ugonjwa, magonjwa, uovu, maovu, lakini hatusemi masalama. Ni nomino isiyogawika. Hakuna usalama wangu uwezao kukaa juu ya kutokuwa salama kwa jirani yangu. Yamkini waliotuachia neno hili hawakulikusudia hilo, lakini mambo yenyewe yanalithibitisha. Kwa miaka kadhaa usajili wa wakimbizi wapya kutoka Somalia ulisitishwa huko Dadaab kwa sababu za kiusalama. Matokeo yake yalikuwa nini? Watu hawakuacha kuja, kwa kuwa ukame na vita havisomi matangazo ya serikali. Waliendelea kuja, ila sasa hawakuandikwa mahali popote. Serikali iliporejesha usajili mwaka 2023, ilikuta makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kambini bila jina lao kuwa katika kitabu chochote. Nauliza: ni yupi aliye hatari kwa usalama, yule ambaye alama za vidole vyake zimo katika mashine ya serikali au yule asiyejulikana alikoingilia wala anakolala? Kumsajili mkimbizi ni haki yake, na papo hapo ni ulinzi wetu.

Jambo hilo hilo limewaumiza Wakenya halisi. Wakati wa ukame, familia nyingi za kaskazini mashariki ziliwaandikisha watoto wao kambini kama wakimbizi ili wapate chakula na shule, kwa kuwa taifa lao halikuwapa. Watoto hao walipofikia umri wa kuchukua vitambulisho, mashine iliwatambua kuwa wakimbizi na kuwakataa. Ni Wakenya kwa damu, wakimbizi kwa karatasi. Tusishangae sana, maana Mkenya wa Kisomali amezoea kuulizwa yeye ni nani. Katika msasa wa mwaka 1989 alitakiwa athibitishe uraia wake na kubeba kadi ya pili ya rangi ya waridi ambayo Mkenya mwingine hakuombwa. Ilibidi tungoje hadi Februari 2025 ili Rais William Ruto atie saini, mjini Wajir, tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Hatua hiyo ni njema, na kipimo chake kitakuwa katika ofisi za usajili vijijini.

Turudi sasa kwa mwanafunzi wangu. Muhula huo huo mamake aliugua. Mkimbizi anayeishi kambini hawezi kusafiri bila kibali, na aliyetoka kwa ajili ya masomo hubeba barua yenye tarehe ya mwisho. Kijana alikwenda kumwona mamake. Alipokuwa akirudi, barua yake ilikuwa imepitwa na siku nne. Alishushwa kwenye basi katika kizuizi kimoja, akalala mahabusu siku mbili, na mtihani wa kwanza ukafanyika bila yeye. Alipofika ofisini kwangu hakulalamika. Aliomba tu kujua iwapo angeruhusiwa kuufanya mtihani maalumu. Nilimwandikia barua, mtihani akaufanya, na akafaulu kuliko wengi waliozaliwa Nairobi na kulala nyumbani kwao usiku wa mtihani. Lakini tangu siku hiyo sijaweza kufundisha historia ya kipande bila kumkumbuka. Kuanzia mwaka 1920 mkoloni alimlazimu mwanamume Mwafrika kuvaa shingoni kijisanduku chenye karatasi zake, na asiye nacho alikamatwa barabarani. Tunawaambia wanafunzi wetu kwamba ilikuwa fedheha, na tunasema kweli. Je, tunawezaje kuifundisha fedheha ile asubuhi na kuiona nyingine jioni tusiitambue?

Ipo methali nyingine ambayo kila mtoto wa Kenya huijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi hutumiwa na wale wanaotaka wakimbizi waondoke, kana kwamba inasema, mgeni siku ya tatu mfukuze. Methali haisemi hivyo asilani. Inasema mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni aliyekaa ameacha kuwa mgeni wa kulishwa. Sasa ni mtu wa nyumbani, mwenye wajibu wa kufanya kazi na haki ya kula jasho lake. Sisi tulifanya kinyume. Tulimkaribisha mgeni mwaka 1991, tukamweka nyuma ya uzio, tukamkataza jembe, kisha tukamlaumu kwa kuwa hali kazi ya mikono yake. Aliyemlisha ni mfadhili wa ng'ambo. Na mwaka 2025 wafadhili walipoifunga mikoba yao, mgao wa chakula Kakuma na Dadaab ulipunguzwa vibaya, hata watu wakaandamana Kakuma. Mtu aliyenyimwa jembe kisha akanyimwa sahani atafanya nini? Anayeutafuta usalama wa taifa kwa dhati angeanzia kwenye swali hilo, kwa kuwa kijana mwenye njaa, asiye na kazi wala ruhusa ya kutoka, ndiye windo jepesi la wale wanaotafuta vijana wa kuwatuma.

Kwa bahati njema, sheria imeanza kuisoma methali sawasawa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambua mkimbizi kuwa mtu awezaye kufanya kazi, biashara au taaluma aliyohitimu. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko kwa pamoja. Yapo ya kukosoa. Wenyeji wa Turkana na Garissa wana haki ya kuuliza watapata nini, maana wao ndio waliogawana maji, kuni na malisho na wageni kwa miaka 30 huku wenyewe wakiwa miongoni mwa maskini wa taifa hili. Mpango ambao haumjengei Mturkana darasa utamfanya amchukie mwanafunzi wa Kisudani, na hapo tutakuwa tumepanda fitina. Vilevile, haki ya kufanya kazi iliyo katika kitabu haina maana ikiwa kibali cha kazi na ruhusa ya kusafiri vinachukua miaka kupatikana. Hata hivyo mwelekeo ni wa haki, nao wastahili kuungwa mkono na kulindwa dhidi ya siku ambapo shambulizi jingine litamfanya mwanasiasa asimame na kutangaza tena kwamba kambi zifungwe.

Tusidhani pia kwamba hatari kwa mkimbizi hutoka kwa askari wa barabarani pekee. Mnamo Oktoba 2024 raia kadhaa wa Uturuki waliokuwa wakiishi Nairobi kama wakimbizi walitekwa mchana, na wanne kati yao wakarudishwa kwa nguvu katika nchi waliyoikimbia. Serikali ilikiri kwamba iliwarudisha kwa ombi la Uturuki. Hapakuwa na hofu ya al-Shabaab katika jambo hilo. Linatuonesha kwamba taifa likizoea kuweka haki pembeni kwa sababu ya usalama, siku moja litaziweka pembeni kwa sababu ya urafiki.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi pia tumepata kukimbia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 laki kadhaa za Wakenya walifukuzwa makwao, na maelfu walivuka mpaka na kuingia Uganda. Waganda hawakuwauliza ni nani kati yao aliyeshika panga, waliwapa hifadhi. Mwandishi wetu mkuu, Ngũgĩ wa Thiong'o, alianza maisha ya uhamishoni mwaka 1982, na aliaga dunia Marekani mwaka 2025. Mshairi Abdilatif Abdalla, baada ya kifungo chake cha miaka mitatu, aliondoka nchini na kuishi Tanzania, Uingereza na Ujerumani. Vitabu vyao tunavitahini shuleni na vyuoni. Laiti nchi zilizowapokea zingewauliza ni wangapi miongoni mwa Wakenya walio wahalifu, tungekuwa na fasihi gani leo? Na hivi sasa mabinti zetu wako Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba wakifanya kazi majumbani, wengine wakinyang'anywa pasi zao za kusafiria na kupigwa. Tunapoiomba dunia iwatendee kwa utu ingawa si raia wa huko, dunia ina haki ya kututazama tunavyomtendea asiye raia hapa.

Walimu wenzangu, sehemu yetu ni ipi? Kambini watoto husoma mtaala wa Kenya na kuufanya mtihani wa Kenya, Kiswahili kikiwamo. Wengi wa walimu wao ni wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho tu kwa kazi ile ile tuifanyayo sisi. Vyuo vya Kenyatta na Moi, kwa kushirikiana na vyuo vya Kanada, vimeonesha tangu mwaka 2013 kwamba mwalimu wa Dadaab aweza kupata shahada bila kukiacha kibao chake. Wanaohitimu kwa njia hiyo wafaa kupokelewa kama wenzetu. Na kwenu nyinyi wanafunzi: mkisikia mzaha wa kumwita mwenzenu gaidi kwa sababu ya jina lake, msiucheke. Mzaha wa darasani ndio hukua ukawa agizo la serikali.

Naam, nirudi kwenye swali nililolikimbia. Kijana aliniuliza, mkimbizi aitwa hivyo kwa tendo gani? Jibu langu ni kwamba nilimfundisha nusu ya somo. Kitenzi kimbia kina ndugu zake. Kuna kimbia, yaani kuondoka mahali penye hatari. Kuna kimbiza, yaani kumfanya mwingine akimbie. Na kuna kimbilia, ambacho humtaja mtu pamoja na mahali anapopaendea, na kutokana nacho tukapata nomino kimbilio. Wazazi wake walikimbia, hilo ni kweli. Lakini yeye hakukimbia. Tendo linaloendelea kumpa jina hilo si lake. Ni letu, tunaomkimbiza kila siku kwa kizuizi, kwa barua yenye tarehe na kwa tuhuma. Siku tutakapoacha kumkimbiza, jina litamwachia lenyewe. Na nchi hii, ambayo wazazi wake waliikimbilia, itakuwa imestahili kuitwa kimbilio.